Kamati ya Wanaume wa Karatasi

Jumamosi, 6 Oktoba 2007

Nimeshindwa tena. Francine hakubali.

Kamati yetu ya kusoma ina wanachama wawili. Mimi, Magdalene, mhudumu wa wazee kule Longbridge, huku ughaibuni, na Francine, msusi, anayesukia watu sebuleni kwake Sparkhill. Tunasoma manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, hasa vile ambavyo mwanamume anampenda mwanamume. Kanisani hakuna anayejua. Tunavifunga kwa karatasi ya zawadi ya Krismasi, kwa hiyo mwaka mzima tunaonekana watu wakarimu.

Ubishi wa leo: kipi bora? Mimi nasema ni kile cha mtengeneza tofu, ile jibini ya soya. Mtu wa makamo, anasaga soya alfajiri, na chumba cha juu amempangisha karani wa kodi. Juzuu nne wanapitishiana supu tu. Katika ya tano karani anauliza: naweza kukushika mkono? Nililia ndani ya basi.

Francine anapenda kile cha bosi tajiri. Bosi huyo humkamata katibu wake mkono bila kuuliza, humbana ukutani, na katibu akisema hapana, mchoraji anachora maua. Nikamwambia hayo si mapenzi. Kazini siwezi kumgusa mzee bega kabla sijamwomba ruhusa, na hapo ninataka kumvalisha soksi tu. Hapana ni hapana, hata ikizungukwa na maua.

Francine alikuwa ananisuka. Akavuta kuliko ilivyohitajika.

Kura zimelingana, moja yake na moja yangu. Kamati inahitaji mtu wa tatu. Atakuwa mtu wangu.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimempata. Angeline, nesi, Mkenya mwenzangu, mtulivu, aina ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa mpaka mwisho. Baada ya ibada nikampa juzuu zote tano za tofu. Nikasema ni vitabu vya mapishi, vyenye picha. Si uongo mtupu. Kuna supu.

Angeline akashukuru. Akasema amekuwa akitafuta njia ya kupunguza nyama.

Njiani nikajiuliza kwa nini ninavipenda hivi vitabu. Nadhani ni hivi. Nikisoma mapenzi ya kawaida, humtafuta mwanamke aliyefanana nami, na nikimpata huwa ni shangazi mwenye wivu. Hapa sishindani na mtu. Nakaa pembeni nikitazama watu wawili wakijifunza kusema wanachotaka. Aliyekuwa mume wangu hakuwahi kuniuliza chochote isipokuwa rimoti iko wapi.

Lawama ninazo pia. Wanawake wachache waliomo ama ni dada mcheshi ama ni mchumba mwenye kucha ndefu. Na nasikia waandishi wengi ni wanawake! Ningependa kuwauliza tumewakosea nini.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimegunduliwa. Angeline alimpigia Francine kuuliza kama tofu inapatikana madukani Stratford Road. Francine akaelewa papo hapo. Tayari amempelekea Angeline kitabu cha bosi, akisema kinahusu uongozi wa kampuni. Nimekasirika. Ni uongo mzuri kuliko wangu.

Tukazozana kwenye simu. Nikayarudia ya maua. Francine akashusha sauti.

“Maman Magda,” akasema, “bosi yangu ni mubaya, najua. Lakini kule mwisho katibu anapotea, na bosi anatoka nje kwenye mvua bila viatu, anakimbia kumutafuta. Miye nasomea ule ukurasa tu.”

Francine alitoka Bukavu peke yake. Kuhusu njia aliyopita hasemi, nami siulizi.

Nikamwambia ukurasa huo umechorwa vizuri. Ndiyo mara ya kwanza ninakubali chochote. Kisha nikaongeza kwamba viatu angeweza kuvaa.

Alhamisi, 11 Oktoba

Angeline amenipigia wakati wa mapumziko. Sauti nzito. Akauliza kama niko peke yangu. Nikaingia chumba cha kufulia na kuandaa utetezi: nitasema nilichanganya mifuko.

“Magdalene,” akasema, “nani alikuambia habari za Kimani?”

Sikujua Kimani ni nani. Nikakaa kimya. Kimya changu kikaonekana hekima.

Akaeleza mwenyewe. Kimani ni mdogo wake. Anaishi Perry Barr na mwanamume, Amarjit, fundi wa mabasi. Tangu wahamie pamoja, mama yao huko Nakuru amekataza jina la Kimani lisitajwe, na Angeline ametii. “Basi langu linapita mtaani kwake,” akasema. “Tukifika hapo, mimi hugeuza uso upande wa pili.”

Amesoma juzuu zote kwa mkao mmoja. Alipofika pale karani anapoomba mkono, akakumbuka kwamba nyumbani kwao Kimani aliambiwa mengi, lakini hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Akampigia. Amealikwa chakula Jumapili. Anaogopa.

“Kwa vile ulijua,” akasema, “na ukanifikia kwa upole namna hii, utanisindikiza.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilisema nitavaa lile gauni la bluu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Sina raha. Nimewalilia wanaume wa karatasi kiasi cha kuharibu kurasa, lakini wa kweli sijawahi kunywa nao hata chai. Mchungaji akigusia watu kama hao, mimi na Francine hutazama viatu vyetu. Halafu tunarudi kwa Francine na kufungua zawadi zetu za Krismasi.

Francine alitaka kuja. Nikakataa. Akanituma na swali badala yake: kati yao, nani hukimbiza na nani hukimbizwa? Kwenye vitabu hivi lazima kuwe na mmoja wa kila aina. Nikamwambia hilo haliulizwi. Nimelikariri.

Jumapili, 14 Oktoba

Kimani mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Mrefu, ana macho ya dada yake. Nilisubiri machozi. Hakuna aliyelia. Akauliza kama basi lilichelewa.

“Halikuchelewa,” Angeline akasema. “Leo nimekaa upande wa dirisha lako.”

Kimani hakuelewa. Mimi nilielewa, na ilibidi nijifanye nafungua viatu kwa muda mrefu.

Tukala ugali, sukuma wiki na dengu. Amarjit ana mikono mikubwa na maneno machache. Nikawachunguza wote wawili. Hakuna aliyembana mwenzake ukutani. Hakuna aliyemtazama mwenzake mvuke wa supu ukiwafunika. Walibishana kuhusu pipa la taka, kisha Kimani akamwondolea Amarjit punje ya dengu kwenye ndevu, bila kuacha kubishana. Angeline aliona. Akainamisha kichwa, akatabasamu kwenye sahani yake.

Nikauliza lile swali la Francine. Lilitoka lenyewe.

Kimani akamtafsiria Amarjit, maana Kiswahili hajui. Amarjit akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa kuhusu gia. Akajibu kwamba hukimbia yule anayesikia kwanza lori la taka.

Wakacheka wote, Angeline zaidi ya wote. Sijawahi kumsikia akicheka kanisani.

Tulipokuwa tukivaa makoti nikamwomba Angeline kura yake. Nilikuwa na uhakika.

“Karani ni mtu mzuri,” akasema. “Lakini juzuu nne, Magdalene? Kungoja huko mnakuita upole. Mimi nimengoja kama yeye, najua ni woga. Yule bosi ni mshenzi, ningemripoti polisi. Ila alitoka nje kumtafuta mtu wake. Kura yangu ni ya mvua.”

Nimeshindwa. Na mtu wangu mwenyewe!

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimempa Francine matokeo. Nilitegemea anicheke. Akaniomba nirudie maneno ya Angeline, kisha nirudie tena, kisha akasema ana mteja, akakata simu.

Angeline naye alipiga. Jumapili ijayo anakwenda tena, safari hii peke yake. Mama hajajua bado. Atamwambia mwenyewe siku akiwa tayari. Akanishukuru kwa hekima yangu. Akaniomba jambo moja: “Wale si kitabu, Magdalene. Waache waishi.”

Nikaahidi. Ni ombi la haki kabisa, na nimelitafakari asubuhi nzima.

Ila wale wawili wamekaa mno katika amani. Hawajapata ugomvi wa maana, na mapenzi yasiyopata ugomvi wa maana hayafiki juzuu ya sita. Kwa hiyo mchana nilimpigia Kimani kushukuru kwa chakula, na kwa nia njema tu nikadokeza kwamba Amarjit alionekana kuudharau ugali.

Kimani akacheka. Akasema ule ugali aliupika Amarjit.

Basi. Nitaanzia kwa Amarjit.