Vita vya Daraja la Bata na Jina Lililoandikwa kwa Jamu

Sogeeni, enyi wenye masikio! Sogeeni nyote mliowahi kuinama njiani mkijifanya mnafunga kamba za viatu, nanyi mliokwaruzwa na miiba kwa ajili ya kitu kisichofikia thamani ya mkate, nanyi msiojua habari hizi kabisa, mnaodhani mashujaa walikwisha zamani pamoja na mikuki na ngao. Wekeni vikombe chini. Nawasimulia habari za Gudrun Ravnkilde, Mng'oa Magego, Mpekuzi wa Vichaka, daktari wa meno wa mji wetu wa Ravnsted huku Jutland, na siku ile ya Mei alipoingia vitani akiwa amevaa gauni la sherehe, akatoka nalo likiwa si gauni tena bali ushahidi. Mimi ni jirani yake. Sehemu ya mambo haya niliiona kwa macho yangu nikiwa na bendera mkononi, na sehemu nilisimuliwa na mumewe, Ejnar, mtu asiyejua kudanganya hata kwa faida yake mwenyewe.

Katika nchi yetu wapo watu, tena wengi kuliko mnavyodhani, ambao huficha vikopo. Mtu huchukua kikopo, pengine kikubwa kama birika, pengine kidogo kama ukucha, akatia ndani yake kijikaratasi, akakificha chini ya jiwe au ndani ya gogo, kisha akawatangazia wenzake kwenye simu namba za mahali pale. Nao wenzake huenda, wakatafuta, wakatia majina yao kwenye kijikaratasi, wakakirudisha kikopo palepale, wakaenda zao nyumbani. Basi. Hakuna dhahabu, hakuna kombe, hakuna hata soda. Ila yule anayefika kabla ya wote, akakikuta kijikaratasi cheupe kisicho na jina, huyo hutembea mjini wiki nzima kama mtu aliyeteka ngome.

Na Gudrun, pamoja na ushujaa wake wote, hakuwahi kuwa wa kwanza. Aliamka alfajiri, akavuka mifereji, akaingia kwenye mvua ya Februari na taa kichwani, na kila alipofungua kikopo alikuta jina moja limekwisha kumtangulia, limeandikwa kwa madaha na mkia mrefu chini yake: Villads. Huyo ndiye Villads Krogh, Wa Kwanza Daima, mwalimu wa udereva, ambaye wanafunzi wake wote walijifunza kurudi nyuma wakiwa msituni, maana huko ndiko gari lilikokuwa kila simu yake ilipolia.

Ikawa siku ya Jumamosi, siku ambayo Asta, mama yake Ejnar, Simba Jike wa Mtaa wa Mizambarau, alitimiza miaka themanini. Mama huyu hakuwahi kumsifu mkwe wake hata mara moja. "Mtu mzima," alizoea kusema mezani, "daktari mzima, anachokoa vichaka kama kuku!" Basi siku hiyo Gudrun alikuwa ameapa kuwa mkwe mwema. Alioka keki ya matabaka, akaijaza krimu na jamu ya rasiberi, akaichomekea bendera ndogondogo za karatasi juu kama ilivyo desturi, akamkabidhi Ejnar aibebe kwa mikono miwili, wakashika njia kwa miguu kupita bustani ya mji.

Hapo ndipo simu ilipolia mfukoni mwa Gudrun.

"Najua mlio huo," alisema Ejnar bila kugeuka. "Usianze."

"Sijaanza kitu."

"Mbona unakwenda mbio?"

"Ejnar, mume wangu, kiko humu humu bustanini! Kwenye daraja la bwawa! Kimetangazwa sasa hivi, hakuna aliyekigusa. Dakika mbili tu."

"Dakika mbili zako ndizo zilizotufikisha kituo cha polisi siku ya Krismasi."

"Wale polisi walikuja wenyewe."

"Gudrun, wageni wameshakaa. Mama anaangalia saa. Na keki ninayo mimi."

Ndipo Gudrun akasimama katikati ya njia, akainua simu kama mfalme anavyoinua upanga, akasema kwa sauti iliyowashtua njiwa: "Ewe Ejnar wa Asta! Miaka mingi nimekula vumbi la yule mwalimu wa udereva. Nimesoma jina lake milimani na mabondeni. Leo yuko barabara kuu na mwanafunzi asiyejua kugeuza gari. Nikikosa leo, basi mimi ni wa pili mpaka kaburini, na mtakapoandika jiwe langu andikeni hivyo!"

Ejnar akashusha pumzi. "Dakika mbili," alisema. "Lakini mimi sishiki kitu kingine zaidi ya keki."

Hivyo wakaingia bustanini, na adui wa kwanza akawa simu yenyewe. Mshale wake ulionyesha daraja, ukahama ukaonyesha choo cha umma, ukahama tena ukaonyesha katikati ya bwawa, ukatulia huko kwa ukaidi. Gudrun aliufuata kote isipokuwa majini. Alipita kwenye upupu hadi magotini, akatoka amejaa malengelenge, hakulia, alitukana tu, tena kwa ufasaha. Mwisho akarudi darajani, daraja fupi la mbao lenye benchi upande mmoja, akapiga magoti, akaanza kupapasa chini ya mbao.

Mara wakaja mzee mmoja na mkewe na mbwa wao mnene, wakaketi kwenye benchi lile lile. Sasa jueni kwamba sheria kuu ya wasakaji ni hii: asiyeujua mchezo asikuone unatafuta, asije akakiondoa kikopo akidhani ni takataka. Gudrun akabaki amepiga magoti, mkono uko chini ya daraja hadi begani, akitabasamu.

"Umepoteza kitu, mama?" aliuliza mzee.

"Hereni," alisema Gudrun, kwa kuwa ndilo neno lililokuja.

Laiti angesema chochote kingine! Wale walikuwa watu wema, na hakuna jeshi linalotisha kama watu wema wasio na shughuli. Mzee alivua koti. Mkewe alitoa miwani ya pili. Wakatambaa wote wawili, wakapekua nyasi, wakamnusisha mbwa sikio la Gudrun ili ajue anachotafuta. "Hatuondoki mpaka ipatikane," alisema bibi, "mimi niliwahi kupoteza ya mama yangu, najua unavyoumia." Dakika zikapita. Ejnar alisimama kando akiitazama krimu ikilainika juani, midomo yake ikisema maneno yasiyo na sauti.

Basi Gudrun akafanya alilofanya. Akageuka pembeni, akavua hereni yake halisi, hereni nzuri ya lulu, akaiangusha kwenye nyasi kwa siri, akasubiri. Mzee akaiona, akamtilia mkononi. Akapaza sauti ya ushindi, akamkumbatia mkewe, akambusu mbwa. Nao wakaondoka wakiwa na furaha ya mwezi mzima, na Gudrun akawapungia mkono huku sikio lake moja likiwa tupu na dhamiri yake ikimwasha kuliko upupu.

Lakini misiba haitembei na nafasi kati yake. Kutoka bwawani alipanda bata maji dume, mweupe, mwenye shingo ndefu na roho fupi, mlinzi wa viota, ambaye watoto wa Ravnsted humkimbia na wakubwa humzunguka. Alimtazama Ejnar. Akaitazama keki. Akafungua mabawa yake yaliyofunika nusu ya daraja, akasonga mbele akitoa sauti ya gari bovu.

"Gudrun," alisema Ejnar polepole, "kuna ndege."

"Mpuuze!"

"Yeye hanipuuzi!"

Lo, ndugu zangu, laiti mngemwona Ejnar Mbeba Keki saa ile! Hakuwa na ngao wala mkuki. Alikuwa na keki tu, na ndiyo aliyotakiwa kuilinda. Akazunguka kama mcheza ngoma. Akaiinua juu ya kichwa, bata akaruka. Akaishusha, bata akapitisha shingo chini ya kwapa lake, akang'ata, akang'oa upande mzima wa keki pamoja na bendera mbili, akarudi majini kwa heshima zote, krimu ikiwa imemganda mdomoni. Ejnar alipiga ukelele mmoja, mrefu, wa mtu aliyeshindwa kwa haki.

Gudrun aligeuka kwa ukelele ule, kichwa sasa kikiwa chini ya benchi, na kwa kugeuka vile macho yake yakaangukia safu ya skrubu zilizoshika ubao. Zote zilikuwa zimechakaa, zimeota kutu, zimekaa sawasawa. Zote isipokuwa moja. Mtu ambaye ameangalia vinywa vya watu maisha yake yote hahitaji kuambiwa jino la bandia ni lipi. Akalishika kwa vidole viwili, akalivuta, likatoka kwa mlio mdogo wa sumaku. Skrubu ilikuwa tupu ndani, na ndani yake kijikaratasi kilichosokotwa. Akakikunjua.

Kilikuwa cheupe.

Alikaa chini palepale. Ejnar anasema hata siku waliyooana hakumwona na uso ule, na anasema bila wivu.

"Nipe kalamu," alinong'ona hatimaye.

"Kalamu?"

"Ejnar. Kalamu!"

"Si nilikwambia sishiki kitu kingine zaidi ya keki?"

Na wakati ule ule, kutoka upande wa barabara, ulisikika mngurumo wa gari linalobadilishwa gia vibaya. Likasimama kwa kuruka kama chura. Mlango ukafungwa kwa kishindo. Hapakuwa na muda. Gudrun aliitazama keki iliyojeruhiwa, jamu ikitiririka kutoka ubavuni mwake. Akang'oa bendera moja iliyosalia, akachovya kijiti chake kwenye jamu ile nyekundu, akaandika herufi kwa herufi, mkono ukiwa imara kama yuko kwenye mzizi wa gego: GUDRUN. Akapuliza. Akasokota, akarudisha, akabandika. Alipoinuka, Villads Krogh alikuwa amefika kichwani mwa daraja.

"Aa, Daktari!" alisema akicheka. "Umekuja kutafuta? Usijali, nikishakipata nitakuonyesha kilipokuwa."

"Tafuta tu, mwalimu," alisema Gudrun.

Alitafuta. Alilala kifudifudi, akalala chali, akatafuta mpaka mwanafunzi wake akazima gari akaanza kula ndizi. Hatimaye akaipata skrubu, akafungua, uso wake ukabadilika rangi.

"Hii nini?"

"Jina langu."

"Hii ni jamu!"

"Imesomeka?"

"Jamu si wino, Daktari! Itaota ukungu, italiwa na sisimizi. Nitaandika malalamiko leo leo, na jina hili litafutwa. Wa kwanza ni mwenye kalamu." Akachomoa ya kwake kifuani, ya fedha, iking'aa.

Gudrun, ambaye upupu haukumliza, macho yake yalijaa maji.

Papo hapo tulifika sisi. Maana huko nyumbani Mama Asta alikuwa amechoka kungoja, akashika kigari chake cha kutembelea, akasema, "Kama keki haiji, tutaifuata," nasi wageni wote tukamfuata na bendera zetu, na mmoja wetu mdomo ukiwa bado umejaa samaki wa siki. Akasimama mbele ya daraja. Akamtazama mkwe wake: nywele zina nyasi, gauni lina matope, sikio moja halina hereni. Akaitazama keki. Tukajua ya kwamba leo mtu atakufa.

"Ejnar," alisema. "Eleza."

Ejnar akaeleza yote, la bata na la hereni na la kalamu, bila kuficha kitu. Villads akaongeza la kwake, akionyesha kijikaratasi. "Mama, wewe ni mtu wa haki. Hebu sema, jamu ni wino?"

Mama Asta akavaa miwani. Akakichukua kijikaratasi, akakinusa.

"Hii jamu nimepika mimi," alisema. "Nilimpa huyu mtungi mzima. Sasa nisikilize, kijana. Siku Ejnar alipobatizwa, kijiko kimoja cha jamu hii kilimwagikia kitambaa changu cheupe cha meza. Nimekifua kwa sabuni. Nimekichemsha. Nimekianika kwenye jua na kwenye theluji. Kitambaa kile kiko mezani kwangu sasa hivi, na doa lipo, na Ejnar ana upara. Unataka kuniambia hiyo kalamu yako inaandika kwa muda mrefu kuliko jamu yangu?"

Villads aliitazama kalamu yake.

"Nimekuuliza."

"Hapana, Mama."

"Basi mkwe wangu ni wa kwanza." Alilisema neno "mkwe wangu" mbele ya watu wote, na sauti yake haikuwa na mwiba. "Na hiyo kalamu ilete hapa."

Villads, akiwa amelainika, akampa. Mama Asta akaegemeza kijikaratasi juu ya kigari chake, akaandika taratibu, chini kidogo ya jina lile jekundu: Asta. Kisha akamrudishia kalamu kwa adabu kubwa.

"Sasa zamu yako," alisema. "Wa tatu."

Hapo ndipo tulipopiga vifijo, zile hurei zetu za siku ya kuzaliwa, fupi tatu na moja ndefu, na badala ya kumpigia mwenye miaka themanini tulimpigia Gudrun, maana mwenyewe aliamuru hivyo. Bendera zikapepea. Bata maji akapiga kelele kutoka bwawani. Yule mwanafunzi wa udereva akapiga honi bila kujua sababu. Keki iliyobaki tuliila pale pale darajani kwa mikono, na Villads akapewa kipande, kidogo.

Basi na iandikwe, kwa wino au kwa kitakachopatikana, kwamba siku ile katika mji wa Ravnsted skrubu moja iling'olewa na ulimwengu ukakaa sawa; kwamba Mng'oa Magego alifika mbele ya Wa Kwanza Daima; na kwamba makundi ya watu yalirudi nyumbani kwa maandamano, shujaa akiwa mbele, mkono wake ukiwa umeshikwa na Simba Jike, ambaye kabla hawajatoka langoni mwa bustani alisimamisha kigari, akamvuta karibu, akamnong'oneza kwa sauti tuliyoisikia sote:

"Haya, mwanangu. Kingine kiko wapi?"