Kitufe Changu Kiwe cha Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Busia. Nimemaliza ukurasa wa mtandaoni wa kuitia magari ya samaki, kazi ya Mzee Maloba. Karani wake Hajarah haoni. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye hutembea kwa Tab: akiibonyeza, anaruka kwenye kisanduku au kitufe kinachofuata. Nani hupanga kipi kifuate kipi? Mimi! Mbele ya vyote nimeweka kitufe: "Mpigie Owori, fundi wako." Simu imejaa chaji. Chumba kimya.

Jumanne, 9 Septemba
Hakupiga. Nikala chapati peke yangu, simu kando ya sahani. Labda kitufe kimoja hakitoshi. Sasa kinatokea baada ya kila kisanduku. Jina la dereva, Owori. Uzito wa mzigo, Owori. Akili hiyo!

Jumatano, 10 Septemba
Amepiga! Nikasafisha koo kwanza. Salamu sikuimaliza.
"Owori, mimi natafuta kitufe ya kutuma, naletewa wewe. Natafuta gari, naletewa wewe. Unataka nini?"
Nikasema nilitaka kujua kama ni mzima. Akaniambia gari halikuitwa, samaki wa mzee wameoza, na lawama zote zimemwangukia yeye. Akakata.
Chapati nikaifunika.

Alhamisi, 11 Septemba
Nikaenda ofisini. Nikakuta Swabur, fundi wa Tororo, amejaa manukato kwenye kiti cha wageni, na Hajarah anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nikamwambia mzee kosa ni langu, Hajarah asiguswe. Akajibu kwamba Swabur ameshamweleza hayo. Nirekebishe bure, Swabur akinisimamia. Aibu! Nikapanga upya: dereva, mzigo, njia, kutuma. Kitufe changu nikakifuta. Hajarah akajaribu, Tab ikaenda moja kwa moja bila kukwama. Akasema asante, kwa upole. Nimetembea na hiyo asante hadi nyumbani.

Jumamosi, 13 Septemba
Simu haijalia tangu juzi. Nikampigia mimi, kuuliza ukurasa unaendaje. Akasema unakwenda vizuri kabisa, hanihitaji kwa lolote.
Kwa lolote!
Nimekaa kitandani nikiwaza, na kosa langu nimeliona: nilirekebisha vizuri mno. Jumatatu nitakisogeza kisanduku cha uzito, kiwe nyuma ya kitufe cha kutuma. Kidogo tu. Shida ndogo, ya simu moja.