Bingwa wa Kifaransa, Bwera

Jumatatu, 1 Septemba

Hajji, tajiri wetu, ametuita mimi na mwenzangu Baker nyuma ya duka. Anatafuta mtu wa kusafiri na lori lake la sabuni mpaka Butembo. Karatasi za forodha ng'ambo ya mpaka, Kongo, ni za Kifaransa, na Hajji hajui hata salamu yake. Kwa hiyo ametuwekea programu ya kujifunza lugha kwenye simu. Mwenye alama nyingi Jumamosi ndiye atakayepanda lori. Baker ameanza papo hapo, anavuma kama nyuki. Maskini! Mimi nimeshampigia mke wangu Nasifah kule Kasese, nikamwambia kazi nimepata. Alipiga vigelegele. Miaka yote hii nafagia duka la mtu; alistahili habari njema.

Jumatano, 3 Septemba

Kifaransa kigumu! Simu inataka kujua kama farasi amevaa kofia. Nikajibu ndiyo. Kosa. Nikajibu hapana. Kosa tena. Baker ameniacha mbali. Nasifah naye kapiga: habari imefika kwao Bugoye, mama mkwe ananiombea dua ya safari.

Ndipo nikapata wazo. Sylvie, yule mama wa Beni, ng'ambo, anayekaanga mandazi kando ya duka, amesoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Tumekubaliana: yeye ashike simu yangu, mimi nishike karai lake. Maswali yamemshangaza.

"Mutu atasema nini na farasi kwa douane?" kaniuliza. Douane ndiyo forodha kwao.

Nikamwambia abonyeze tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempita Baker! Mandazi yangu yametoka meusi, lakini hayo madogo. Wateja wanamuulizia Sylvie. Nasema anaumwa, naye yuko nyuma yangu anaisemesha simu. Kuna masomo ya kutamka kwa mdomo, na kila akitamka anapewa nyota. Nyota zangu!

Jioni Baker amenipa mkono wa pongezi. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikaangalia alama, nikapona.

Jumamosi, 6 Septemba

Aibu! Aibu tupu!

Hajji kaja na miwani yake. Kaona alama, kanikumbatia. Nasifah alikuwa amefika kutoka Kasese na begi jipya la safari, amesimama mlangoni anatabasamu. Basi Hajji akataka kusikia matamshi yangu, akabonyeza mahali ambapo mimi sijawahi kubonyeza. Kumbe simu huhifadhi sauti! Duka zima likasikia mwanamke akisema Kifaransa safi, na nyuma yake mimi nauliza kama mafuta yamepata moto.

Hajji alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Heri angefoka.

"Shakib," alisema, "huyu mama iko wapi?"

Nikaonyesha dirishani. Lori amepewa Sylvie. Baker amecheka mpaka akakaa chini, na sikumlaumu.

Nasifah alitoka nje, akampa Sylvie lile begi. Tulipokuwa tunarudi akanishika mkono, akasema angalau sasa najua kukaanga mandazi. Angenitukana nisingeumia hivi. Nampenda sana mwanamke huyu, na nimemwapia: ujanja basi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemkuta Sylvie amejiinamia. Hajji anataka ajifunze Kiingereza kwa simu hiyo hiyo, kwa sababu ya karatasi za upande wetu. Asipopata alama za kutosha wiki hii, lori litaondoka bila yeye. Ana watoto, na mandazi hayawatoshi. Nimemhurumia kweli. Mimi ndiye niliyemwingiza katika mambo haya.

Nimemwambia asijali, aendelee na karai lake, simu anipe mimi. Kiingereza nimekisoma. Huu si ujanja, ni msaada. Nimeshamaliza masomo manne na nyota zinaingia. Yale ya kutamka kwa mdomo nimeyatamka kwa sauti nyembamba kabisa. Hakuna atakayejua.