Stoo Niliyoiazimisha Mtaa Mzima

Jumatatu, 4 Machi

Nimehukumiwa leo asubuhi nikiwa natafuta kijiko. Mke wangu alisimama mlangoni pa stoo, mikono kiunoni, akaniarifu kwamba binti yetu aliyejifungua wiki iliyopita anakuja Jumamosi na mtoto, kukaa nasi mwezi mzima, maana mumewe yuko safarini kikazi. Nikaanza kushangilia. Akaniambia nisubiri kwanza. Chumba pekee cha kumweka ni hiyo stoo, na stoo haiingiliki. Kama haitakuwa tupu kufikia Jumamosi, mjukuu wetu ataenda kukaa kwa mkwe.

Hapo kijiko kikanitoka mawazoni.

Mkwe ni baba wa mume wa binti yetu. Alikuwa mtunza bohari mpaka alipostaafu, watu wakamwita Bwana Bohari, naye huitika. Nyumbani kwake kopo la chumvi limeandikwa CHUMVI. Mlango wa choo umeandikwa CHOO, kwa ndani pia, nadhani kwa ajili ya wanaosahau wamekuja kufanya nini. Akija kwetu hukaa kwenye ncha ya kiti akitazama juu ya kabati, kama mtu anayesubiri kuangukiwa. Mjukuu wangu wa kwanza alale chini ya kibandiko cha MTOTO? Labda nikiwa nimekufa.

Nimekagua stoo. Kabla sijaendelea nieleze tofauti kati ya takataka na akiba, kwani watu wengi huchanganya. Takataka ni kitu cha mtu mwingine. Akiba ni kitu chako. Akiba yangu: feni isiyo na mapanga. Mapanga ya feni nyingine. Vifuniko vya sufuria ambavyo sufuria zake zilishatangulia mbele ya haki. Taipureta. Tufe la dunia lililobonyea upande wa bahari, kwa hiyo halina hasara kubwa. Mlango usio na nyumba.

Vyote vizima, kila kimoja kwa namna yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamua kuwa mkali. Asubuhi nilitoa feni nikaiweka karibu na pipa la taka. Mzoa taka akapita, akaiinua, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha chini taratibu na kuniuliza kama nyumbani kuna msiba. Sikuvumilia dharau ile. Saa sita feni ilikuwa imerudi stoo. Mke wangu akauliza: "Mwalimu, maiti umeizika asubuhi, mchana imefufuka?" Nilimfundisha hisabati miaka ya uchumba wetu, najuta sikumfundisha huruma.

Lakini mtu aliyesoma halali na tatizo. Mchana nikiwa nimejinyoosha nimepata jibu, tena jepesi. Nitaazimisha.

Nifafanue. Ukiuza kitu, kimekwenda. Ukitupa, kimekwenda na heshima yako. Ukikiazimisha, kinaondoka nyumbani kwako ila kinabaki chako. Nyumba inakuwa tupu na mwenye nyumba anabaki tajiri. Nashangaa wanadamu wamechelewa hivi kuligundua.

Jumatano, 6 Machi

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema lolote kuhusu kumkopesha mtu ambaye hajaomba. Nimeingia uwanja mpya wa elimu.

Nilianza na fundi seremala. Nikamwambia nimesikia ana shida ya mlango. Akasema yeye anatengeneza milango, Mwalimu, iko kumi hapo nyuma. Nikamweleza kwa upole kwamba ndiyo sababu anahitaji mmoja wa kulinganishia. Akanyamaza. Mtu akinyamaza amekubali. Nikamwachia na feni, mapanga na vifuniko.

Mshona nguo amepata taipureta. Alipinga kwamba ana cherehani. Nikamwonyesha kuwa zote mbili hupigwa kwa vidole na hutoa mistari. Kinyozi amepata tufe, wateja wake wajue wanakonyolewa ni upande gani wa dunia.

Mama Kuku, jirani yetu wa nyuma, nilimkosa. Kuku wake tu ndio waliokuwepo. Jioni likabaki furushi moja kubwa, limefungwa shuka la maua, zito, lina miguu. Sikulifungua. Ukianza kufungua vitu humalizi kupanga. Hiyo ni kanuni. Nikalitoa hadi kichochoroni, giza likiingia, nikamkabidhi mtu wa kwanza aliyekuwa na mikono mitupu. Alishukuru. Nadhani alishukuru.

Mke wangu alishauri nitunze orodha. Nikamjibu orodha nayo ni mrundikano.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi. Stoo tupu! Nimekohoa ndani yake, kikohozi kikanijibu. Mke wangu ameingia, akazunguka, akagusa kuta zote nne kama mnunuzi wa nyumba. Akauliza vitu viko wapi. Nikasema vimepata riziki kwingine. Akaniongezea nyama mezani bila mimi kuinua macho. Ndoa ni shamba, ukilipalilia linakupa.

Dosari ndogo. Majirani wakiniona sasa huvuka upande wa pili wa barabara. Fundi seremala alijifanya anaongea na simu. Simu ilikuwa juu chini.

Usiku mke wangu ametandika godoro la binti yetu, kisha akaniomba nimletee kitanda cha mtoto. Kipi? Kile alicholalia binti yetu mwenyewe, alichokisugua na kukipaka mafuta mwezi mzima, akakifunga vizuri kwenye shuka lake la maua.

Nikasema kipo mahali salama. Si uongo. Mahali pengi duniani ni salama.

Jumamosi, 9 Machi, asubuhi

Nimetoka kabla ya chai. Kwa kuwa nina hadhi ya kulinda, sikutaja kitanda. Nilibisha nyumba kwa nyumba nikiuliza tu, "Jamani, ule mzigo wangu bado mnautumia?" Kila mmoja akasema hapana. Wengine walisema haraka mno.

Kitanda sijakiona. Binti anafika saa kumi, na anayemleta kwa gari lake ni mkwe.

Jumamosi, jioni

Naandika nikiwa nimekalia tufe.

Gari la mkwe lilisimama saa kumi kamili. Akashuka yeye, suruali imenyooka kama rula, mkononi kitanda cha kukunja kilichobandikwa KITANDA. Akashuka binti yetu, na mjukuu wangu amefungwa kama barua muhimu. Nikafungua mdomo kuwakaribisha, na mtaa mzima ukatokea kwenye kona.

Habari zilikuwa zimeenea kwamba Mwalimu anadai vitu vyake. Fundi seremala alitangulia, mlango kichwani. Na kwa kuwa watu wa mtaa huu wamelelewa, hakuna aliyerudisha kitu peke yake. Fundi aliongeza fremu ya dirisha, kama ahsante. Mshona nguo alileta taipureta na gunia la vipande vya vitambaa. Kinyozi alileta tufe na kiti chake cha zamani, kile kinachozunguka upande mmoja tu. Vyote vikapita mbele ya mkwe vikiingia stoo, naye akivitazama kama anayekagua gwaride. Harusi na matanga, vyote kwenye kibaraza changu, siku moja.

Mke wangu hakuniangalia. Hiyo ndiyo dalili mbaya.

Mwisho akafika Mama Kuku, na kitanda. Kumbe ile mikono mitupu ilikuwa yake. Aliniomba radhi kwamba hawezi kukirudisha kitupu: ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai, macho makali, na yeyote aliyenyoosha mkono alidonolewa. Mkwe alinyoosha. Akadonolewa, akasema neno ambalo sidhani limebandikwa popote nyumbani kwake.

Mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaukalia mlango. Binti yetu akacheka, akashika mshono wake, akasema, "Baba, usinichekeshe, nitafumuka." Kisha akamgeukia mkwe kwa adabu, akasema anamshukuru sana, lakini yeye anabaki hapa, amezaliwa kwenye vurugu hii na hawezi kunyonyesha mahali asipoweza kuweka kikombe.

Mke wangu akatoa hukumu ya pili ya wiki. Kuku na mayai yake wamehamia sanduku la taipureta. Kitanda kimesuguliwa kwa maji ya moto. Binti na mtoto wamechukua chumba chetu, mke wangu yuko nao. Mimi na akiba yangu, stoo.

Nimempakata mjukuu kidogo. Alinishika kidole, hakutaka kukiachia. Huyu atakuwa mtunza vitu. Damu haipotei.

Jumapili, 10 Machi

Mkwe amerudi asubuhi, peke yake, kidole kimefungwa bandeji, akitazama nyuma. Ana maboksi matatu yaliyobandikwa MBALIMBALI. Akanivuta pembeni. Kumbe nyumba yake ni safi kwa sababu vitu vyake vyote viko kwa dada yake, na dada sasa anahama. Je, ningemhifadhia, kwa muda tu, mke wangu asijue? Sijapata kumpenda mtu hivi. Nimeyaweka chini ya godoro langu. Nalala juu kidogo, lakini hewa ya huko ni nzuri zaidi.

Nimetafakari kosa la wiki hii. Liko wazi: niliazimisha watu wa karibu mno. Kesho naanza na mtaa wa pili.

Leo nimejaribu kidogo tu, nisipoteze mazoezi. Nimegundua kwamba mchana kutwa mtoto analala mikononi mwa bibi yake, na kitanda kimesimama bure, kimekula nafasi. Kuku kwenye sanduku analalamika. Mama Kuku amekichukua, na ameniahidi kukirudisha kabla ya magharibi.