Mtaalamu wa Bangkok Asiyefika Bangkok

Leo nimeadhirika, jamani. Mchana kweupe, mbele za watu, na kwenye simu zenu.

Mnajua mdogo wangu Neema anafundisha chekechea Bangkok. Jumamosi hii anafunga ndoa. Baba alishatangulia, mama pia, kwa hiyo wa kumshika mkono na kumkabidhi kwa mumewe ni mimi kaka yake. Hatujaonana miaka saba. Mwaka huu nilitakiwa kufanya jambo moja tu: kufika.

Na mnajua nilivyowasumbua kwenye grupu letu la Wabongo wa Dallas. Miezi mitatu, kila siku somo la Bangkok. Ukipanda bajaji, patana bei kabla hujakaa. Foleni zao hazina huruma, panda treni ya juu au boti ya mtoni. Hekaluni funika mabega na magoti, vua viatu. Usimshike mtu kichwani hata kama ni mtoto. Maji ya bomba usinywe. (Bangkok kwenyewe sijawahi kukanyaga. Nilikuwa nayasoma mtandaoni wakati wa lanchi.) Na Neema nilimtumia. Anaishi huko mwaka wa sita! Alikuwa ananijibu, "Asante kaka," basi.

Mwezi uliopita Mama Sifa aliuliza kwenye grupu, "Shemeji, na viza umeshapata?" Nikamjibu kwa dharau, Mungu anisamehe: "Mimi nina green card, shem. Mexico niliingia nayo kama naingia chumbani kwangu." Mkanipigia makofi. Nyie nanyi mna lenu.

Leo asubuhi rafiki yangu Chande akanifuata nyumbani kwangu DeSoto na pikapu yake. Akasema kaka wa bibi harusi haondoki kimyakimya, lazima anirushe laivu. Nikasema sawa. (Nilisema sawa! Kwa mdomo wangu!) Uwanja wa ndege yeye mbele na simu, mimi nyuma nasukuma sanduku, natembea kama mheshimiwa. Watu thelathini na kitu mnaangalia. Neema naye akaingia, kule kwao usiku umeshaingia, akaweka mioyo.

Nikafika kaunta. Dada wa pale akafungua pasipoti yangu ya Tanzania, akapekua kurasa. Akarudia kupekua. Akauliza kwa adabu, "Viza ya Thailand iko wapi?"

Nikalaza green card juu ya kaunta kama mtu anayetoa karata ya ushindi. "Hii hapa."

"Hiyo ni ya kurudi Marekani, bwana. Kule huwezi kuingia nayo."

"Mbona Mexico niliingia?"

"Mexico ni Mexico."

Nikaomba msimamizi. Msimamizi akaja, akasema yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Nikaanza kueleza habari za harusi, za baba, za mkono wa bibi harusi. Kiingereza changu, ninachofanyia kazi ofisini kila siku, kikanikimbia. Nikabaki nasema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa Kiswahili.

Hapo akasimama mama mmoja Mkongomani, kazi yake kusukuma wazee kwenye viti vya magurudumu. Alinisikia akajua ni ndugu. Akaamua kunisaidia, kwa sauti ya kwaya:

"Ndugu yangu, banasema hii carte ni ya kurudia huku tu! Kule batakufukuza! Haukuulizaka mutu?"

Foleni nzima ikageuka. Hata wasiojua Kiswahili walielewa. Na niliulizwa, jamani! Mama Sifa aliniuliza! Nikamgeukia Chande. Alikuwa ameduwaa, mkono juu, simu bado inanitazama. Kwenye kioo nikasoma ujumbe wa Neema: "Kaka, kuna nini?"

"Zima, Chande!"

"Nimezima." Akaangalia simu. "Ah. Bado."

Tukakaa kwenye benchi na sanduku letu. Viza inataka siku kadhaa za kazi, na leo ni Jumatano. Hata nikiipata Ijumaa, safari yenyewe inakula zaidi ya siku nzima. Hakuna hesabu iliyokubali. Nikampigia Neema.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Akasema, "Kaka, niliwaambia wakwe zangu kwamba na mimi nina watu wangu."

Nimelia ndani ya pikapu, mtu mzima na ndevu zangu, njia nzima kurudi DeSoto. Chande alijifanya anatafuta stesheni ya redio.

Tulipokaribia nyumbani, Neema akatuma ujumbe. Wakwe wamemtoa mjomba wao anishikie nafasi, lakini yeye Neema amekataa. Rafiki yake atatembea kando yake ameshika simu, na mimi nitakuwa ndani ya simu. "Vaa suti, kaka. Na chaji kabisa."

Basi Jumamosi namkabidhi mdogo wangu kwa mumewe nikiwa sebuleni, koti na tai juu, kaptura chini. Mwenye kucheka acheke leo amalize, maana siku hiyo mimi ndiye baba.