Tawi la Fundi Friji

Jumanne, 3 Juni

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wasomaji wa maktaba anahamia mji mwingine. Kiti kiko wazi. Mkutubi ametangaza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo kila anayekitaka atoe mada, kisha wanachama wapige kura. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa sekondari, ameshajiandikisha. Mada yake: mito. Mito! Nani hajui mito?

Mimi nimechagua udeisti. Kwanza, hakuna anayeujua, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Pili, ni mfupi. Nimeukuta kwenye ensaiklopidia nikitafuta kitu kingine. Mungu yupo, aliumba ulimwengu, akauwekea kanuni, akauacha uende wenyewe. Hakuna miujiza. Akili ya mtu inatosha kumjua. Basi, nimemaliza.

Nimemwambia mke wangu kiti ni changu. Akasema nikishakikalia nikumbuke kuna friji ya jirani sebuleni tangu mwezi uliopita.

Jumatano, 4 Juni

Balaa. Udeisti una matawi.

Shemeji alipita kumsalimia mama yake, ambaye anaishi nasi, akaniuliza kwa upole kabisa: udeisti upi? Nikajibu ule wa kawaida. Akatabasamu. Nalijua tabasamu lile. Hata chai sikumalizia, nikakimbilia maktaba.

Mkutubi akanitolea kitabu kinene kama tofali. Kumbe kuna wanaosema Mungu aliumba, akajitenga. Wengine wanasema hakujitenga, aligeuka: alijimimina mwenyewe akawa ulimwengu, hakikubaki kitu pembeni. Hao ni wapandeisti. Wengine wanasema ulimwengu umo ndani yake, ila yeye anauzidi. Hao ni wapanendeisti. Silabi moja tu imeongezeka na mambo yote yamebadilika! Kuna na wapolideisti: miungu kadhaa waliumba, kisha kila mmoja akashika hamsini zake. Na hata hao wa kawaida hawaelewani. Huyu anasema roho inaendelea kuishi, yule anasema hajui. Huyu anaona sala ni kazi bure, yule anashukuru kila asubuhi, ila haombi kitu.

Nilikwenda kutafuta silaha za kumpigia shemeji. Nikarudi nimezisahau. Watu walikaa kwenye vyumba vyao, bila kutumwa na mtu, wakafikiria mpaka huko. Nilitembea njia nzima nikitazama juu, nikaingia kwenye mlango wa jirani badala ya wangu. Akauliza friji yake imefikia wapi.

Ijumaa, 6 Juni

Friji ya jirani imepona. Niliiwasha tangu jana kuijaribu, na leo nikafungua friza kukagua. Barafu nyembamba ilikuwa imeota ukutani. Nikachukua lenzi ninayosomea namba za vipuri, nikachungulia tu, bila nia yoyote.

Mungu wangu. (Tawi lolote.)

Vilikuwa vinyota. Vidogo, vyeupe, vimeota kama manyoya. Kila nilichokihesabu kina pembe sita. Nikatafuta chenye tano. Sikupata. Miaka yote hii nakwangua vitu hivi kwa kisu cha plastiki na kuvimwaga kwenye sinki! Mlango ulikuwa umefungwa, mle ndani giza tupu, hakuna aliyekuwa akisimamia. Nani aliviambia sita?

Mama mkwe akanikuta nimepiga magoti mbele ya friji. Kunikuta ni kunikanyaga, kwa sababu macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Akauliza nimepatwa na nini. Nikamweleza. Akaomba aguse. Akaweka kidole, vinyota vikayeyuka.

Akasema yeye anasikia baridi tu. Jumanne anafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Hajasema kama anaogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimecheza karata yangu. Nilimvuta shemeji pembeni, nikamnong'oneza kwamba wanachama wamechoka na mito, nimesikia kwa masikio yangu. Uongo mtupu. Alinishukuru kwa dhati, akanishika begani. Akasema atabadilisha mada.

Jioni mke wangu kaniambia mada mpya ya kaka yake: tafsiri mbalimbali za udeisti.

Sikula.

Jumanne, 10 Juni

Hospitali. Mke wangu yuko kazini, shemeji yuko darasani, kwa hiyo nimempeleka mama mkwe mimi. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria, yeye na kofia ya kijani ya upasuaji, mimi na madaftari yangu. Nilikuwa nikikariri matawi.

Akanigusa goti.

"Mwanangu, huyo Mungu wako aliyemaliza kazi akaenda zake. Ananiona hapa?"

Matawi yote yakanipita kichwani. La kwanza linasema hashughuliki. La pili linasema yeye ndiye benchi, ndiye kisu, ndiye wewe. La tatu linasema umo ndani yake, tulia. La nne hata sikulifikia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya goti langu.

"Sijui, Mama," nikasema. "Lakini mimi nakuona."

"Basi nishike mkono. Kwa sasa utanitosha wewe."

Nesi akaja kumchukua. Mlango ukafungwa. Na mimi, mdeisti, niliyeitangazia nyumba nzima kwamba sala hazina pa kwenda, nikaomba. Nikaomba kwa matawi yote, nisije nikakosea anwani.

Jumatano, 11 Juni

Bendeji imetolewa. Niandike polepole.

Alianza na mkono wake mwenyewe. Aliugeuza, akaugeuza tena, kama kitu alichookota. Halafu akaona glasi ya maji mezani. Akainyanyua kwenye dirisha, hakunywa. Akasema hakumbuki kama maji yanashika mwanga namna ile. Daktari alikuwa anataka kuondoka, lakini naye akasimama, akaitazama glasi.

Kisha akamtazama binti yake. Kwa muda mrefu. Mke wangu alikuwa analia na kuficha uso, mama yake akamwondoa mikono.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Umependeza."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye korido nikitazama kitasa cha mlango, jinsi kilivyong'aa. Sikuwahi kuona kitasa maishani.

Nyumbani akaona ukuta wa chumba chake. Mwaka juzi nilimhakikishia nimeupaka rangi wote. Sasa kaona rangi imeishia pale mkono wangu ulipofika. Alicheka mpaka nikamkumbusha asitikise jicho.

Jumamosi, 14 Juni

Uchaguzi. Shemeji alitangulia. Alieleza kila tawi kwa maneno machache, akaketi. Nikasimama, nikafungua daftari, nikaona mistari inachezacheza. Nikalifunga. Nikawaeleza tu habari ya vinyota vya friza, na mkono wa mama mkwe, na glasi ya maji. Nikasema sijui aliyeviweka yuko wapi, ila nikivitazama siwezi kusimama wima.

Mkutubi alikuwa ameshika kalamu hewani. Shemeji alivua miwani, akafuta macho.

Mke wangu anasema ningeketi pale, kiti kilikuwa changu. Lakini nilipomwona shemeji anafuta macho, nikajua ameishiwa nguvu. Nikaona nimmalizie. Nikafungua daftari tena. Nikawasomea matawi yote, na vijitawi, na tafsiri za vijitawi, na makosa ya shemeji kwa mpangilio. Mkutubi akaanza kupanga viti nikiwa bado nazungumza.

Shemeji ameshinda. Mimi nimepata kura moja, ya mama mkwe, aliyejiunga na kikundi asubuhi ileile. Yangu mwenyewe sikuipiga. Wakati wa kura nilikuwa kwenye korido nabishana na mzee mmoja kuhusu wapolideisti.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka na mwanga. Nimeona kosa lilipo. Si kwangu. Udeisti una matawi mengi mno, ndiyo maana watu wamechanganyikiwa. Dawa yake ni tawi moja jipya litakalowaunganisha wote. Nimelianzisha asubuhi hii mezani jikoni. Katiba ina ibara tatu. Nimegombea uenyekiti, nikapita bila kupingwa. Mama mkwe nilimkaribisha ajiunge, akasema yuko dirishani anatazama majani, nisimzibie.

Mchana nikaisoma katiba upya. Ibara ya pili ina upotofu mkubwa. Nimemkabili mwenyekiti niliyemchagua asubuhi. Hakutaka kusikia.

Nimejitoa. Tawi langu jipya linakutana saa kumi.