Mbeleko ya Rais

Jumatatu, 4 Juni
Nimempeleka Baba Ikulu. Jumatatu wananchi huruhusiwa kuingia ukumbi wa picha za marais. Harufu ya nta ya sakafu ni ileile! Hapa nilikuwa nateleza na soksi, dereva wa Baba akinisubiri mwisho wa ukumbi anidake.

Rais wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Halafu msumari mtupu. Halafu wa sita.

Msumari ule ni wa Baba. Aliingia Ikulu kama daktari wa mifugo, kumzalisha ng'ombe wa rais wa nne. Wakubwa walikuwa wanagombania kiti. Wakaona huyu hana adui, wakamkalisha yeye. Akajenga daraja. Akapiga marufuku ving'ora mchana kwa sababu mimi nimelala. Kupigwa picha tu ndiko alikosema kesho, kesho, mpaka wakampindua akiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, pamba ndani. Daktari akauliza aendelee? Baba akaashiria aendelee.

Leo mgeni mmoja kauliza mbona hapo pako wazi. Mlinzi akajibu pana unyevu. Baba naye, bila haya, akaitikia: kweli, unyevu upo.

Ijumaa jioni mafundi rangi wanaingia. Msumari usio na picha unang'olewa. Na magoti ya Baba hayatapanda ngazi za Ikulu miaka mingi. Mpango unahitajika!

Jumanne, 5 Juni
Sheria ya ukumbi: rais apigwe picha na mshipi wa urais, ule mpana wa hariri unaopita begani. Ulikatwa kwa kipimo cha rais wa kwanza, pandikizi la mtu. Siku ya mapinduzi ulikuwa kwenye mfuko wa marehemu Mama, unapelekwa kwa fundi kupunguzwa. Hakuna aliyekuja kuudai.

Kwa hiyo tunao. Tatizo: ndiyo mbeleko ya mwanangu. Bila huo hapati usingizi.

Nimeufua. Mtoto kalia tangu chai mpaka jua likazama. Baba kamchukua, akamzungusha sebuleni akimtajia baraza lake la mawaziri, mmoja mmoja, kama alivyonibembeleza mimi. Mimi nilikuwa nalala kabla ya Waziri wa Maji. Huyu kafika mpaka Naibu wa Mifugo, macho kodo.

Mume wangu, fundi bomba, karudi akakuta mshipi unaning'inia juu ya sinki. Kasema niachane na ya Ikulu, nilale. Hana roho ya siasa huyu.

Jumatano, 6 Juni
Kwa mpiga picha. Koti la zamani linampwaya mabegani, lakini Baba kasimama wima, nikaona kijana aliyekuwa akinibeba shingoni bustanini. Nikataka kulia. Mtoto akanitangulia. Baba akambeba mgongoni kwa mshipi, anyamaze. Mpiga picha akajaribu mwanga: pwaa! Kisha tukamshusha, tukapiga picha za maana. Zote Baba anamtazama mtoto pembeni.

Nimezipeleka zilivyo kwa mkuu wa ukumbi. Mimi namwita Pazia, kwa magauni yake yanayofagia sakafu. Ni binti wa rais wa sita. Walipohamia, alirithi kitanda changu na bembea yangu. Sijasahau.

Kazitazama kwa ncha ya kidole. Kasema mshipi wa kweli ni ule alioapishwa nao babake. Huu wetu? "Shoga yangu, hiki ni kitambaa cha kubebea mtoto." Ningebisha vipi? Wakati huohuo mtoto alikuwa anaucheulia.

Alhamisi, 7 Juni
Nimejipenyeza ukumbini. Nimemwambia mlinzi namtafutia mtoto pa kubadilishiwa nepi. Nikamkazia macho rais wa sita. Mshipi wake una maua. Maua yale nayajua! Ni pazia la chumba cha kulia. Nilikuwa najificha nyuma yake kila maharage yakiletwa mezani, na Baba anajifanya kunitafuta mpaka kwenye birika. Na begani, pete ya pazia. Haikung'olewa!

Nimekupata, Pazia.

Ijumaa, 8 Juni
Nimeenda na Baba. Nimemwambia Pazia kwa upole, mtoto mgongoni: Baba atundikwe, la sivyo kila Jumatatu nitasimama hapa kuwaonyesha wageni ile pete.

Kaisogelea picha ya babake. Kisha kasema, taratibu, utotoni alikuwa akiuliza mbona dirisha la chumba cha kulia lina pazia upande mmoja. Babake akamjibu la pili liko kwa dobi. Akangoja lirudi, miaka! Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Kanieleza bembea ilikatika wiki ileile waliyohamia, akaanguka. Nikasema pole. Nusu nilimaanisha.

Kisha mtego. Baba atatundikwa, lakini mshipi wa kweli ni mali ya serikali. Niuache. Sasa hivi.

Vidole vikaenda kwenye fundo kifuani. Nikaanza kulegeza. Baba, aliyekuwa anasinzia kitini, akafumbua macho: "Mwanangu, huyo mgongoni bado yuko madarakani. Mngojee amalize muhula. Sisi hatumpindui aliyelala."

Pazia kashindwa kuzuia kicheko. Kakubali. Na picha kachagua mwenyewe: ile ya kujaribu mwanga. Sheria inataka mshipi upite begani. Umepita.

Jumatatu, 11 Juni
Baba yupo ukutani! Koti kubwa, mshipi begani, kichwa cha mjukuu kikichungulia nyuma. Mlinzi anawaambia wageni huyo ni rais wa tano. Na wa mgongoni? Makamu wake.

Baba kasimama pale, kanishika mkono kama tulivyokuwa tukishuka ngazi zile zamani. Nikangoja aseme neno zito. Kasema unyevu upo.

Nikagusa ukuta. Mungu wangu, maji! Kumbe bomba linavuja nyuma yake miaka yote. Picha itaoza! Nikampigia mume wangu aje mbio.

Kaja na spana zake. Kavua viatu mlangoni, kalala kifudifudi kwenye sakafu nilikoteleza. Waziri kapita, kasimama kumweleza bomba la jikoni kwake. Akaja mwingine, huyu na yule wa kwanza hawasalimiani. Wote wawili wanaitikia kwa kichwa kila anachosema. Hana adui hata mmoja!

Na kule mwisho wa safu nimeona msumari mpya, mtupu.

Nimempima mabega kwa macho. Anayo. Nimemwambia kesho akija kumalizia kazi avae shati jeupe. Kauliza la nini, kwenye matope?

Nimemwambia avae tu.